Anza na Matunda, Malizia na Moshi

Wengi wanaofuata wiski Japani huishia Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka, alikoanzisha kiwanda Shinjiro Torii mwaka 1923. Si vibaya. Lakini ukitaka ulimi wako utofautishe wiski ya moshi na isiyo na moshi, panda treni ya kaskazini. Kampuni ya Nikka ina viwanda viwili huko: Miyagikyo karibu na Sendai, na Yoichi kisiwani Hokkaido. Vitembelee kwa mpangilio huohuo. Ukianza na moshi, kinywa hakitasikia kingine siku hiyo.

Moshi wenyewe hautoki kwenye pipa, kama wengi wanavyodhani. Shayiri hulowekwa ikachipua, ikawa kimea, vilevile wafanyavyo wapika pombe ya ulezi. Kimea kikikaushwa kwa hewa ya moto tu, hakina moshi. Kikifukizwa kwa moto wa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi uliojaa mimea isiyooza ikaisha, kinanasa moshi, na moshi huo haubanduki tena mpaka kwenye glasi. Aliyekunywa maji ya mtungi uliofukizwa ubani hahitaji maelezo zaidi. Ila harufu hii si ya ubani: ni ya jiko la kuni lililonyeshewa mvua, na wengine hunusa dawa ya hospitali.

Kutoka Tokyo hadi Sendai ni kama saa moja na nusu kwa shinkansen. Hapo badilisha, chukua reli ya Senzan mpaka Sakunami, dakika arobaini hivi. Miyagikyo kilijengwa mwaka 1969 bondeni, penye mto Nikkawa. Husimuliwa kwamba mwanzilishi wa Nikka, Masataka Taketsuru, alichota maji ya mto huo, akachanganyia wiski yake, akaonja, akasema ni hapa. Mitambo ya shaba ni mikubwa, imevimba shingoni, nayo huchemshwa kwa mvuke, taratibu. Kinachotoka ni chepesi, chenye harufu ya tufaha na maua, na kwa kawaida moshi haupo au ni wa mbali sana. Kinuse kwanza. Kisha tia matone mawili ya maji, unuse tena.

Sasa Hokkaido. Kutoka Sapporo unapitia Otaru, na treni za kuendelea Yoichi ni chache, kwa hiyo tazama ratiba ya kurudi kabla ya kuonja chochote. Kiwanda kiko hatua chache tu kutoka stesheni. Taketsuru, aliyesomea kazi hii Scotland na kuoa huko mwaka 1920, kwanza alimfanyia kazi Torii kule Yamazaki. Wiski yao ya kwanza, ya mwaka 1929, iliwashinda wanywaji kwa moshi. Mwaka 1934 akaja huku kwenye baridi na upepo wa bahari, kuanzisha chake.

Simama kwenye jumba la mitambo. Shingo za mitambo zimefungwa kamba ya majani makavu yenye karatasi nyeupe, kama kwenye hekalu la Kishinto. Desturi hiyo ni ya watengeneza sake, pombe ya mchele, na Taketsuru alizaliwa katika ukoo wao. Chini, mfanyakazi anafungua mlango wa tanuri, anatupa makaa ya mawe kwa beleshi, anafunga. Hapa wageni huchanganya mambo: makaa hayo hayatii moshi kwenye wiski. Moto wake mkali huipa uzito na harufu ya kuungua kidogo. Moshi ulishaingia zamani, kwenye kimea.

Ziara zenye kiongozi zinataka uweke nafasi mapema, na za mwisho wa wiki hujaa haraka. Umri wa kunywa ni miaka 20. Dereva haonji hata tone, na anayekubali kupakiwa na dereva aliyekunywa naye anaweza kushtakiwa.

Dukani soma lebo. Kwa kanuni ambazo watengenezaji walijiwekea mwaka 2021, wiski ya Kijapani sharti ikenekwe Japani na ikae humo ndani ya pipa miaka 3 au zaidi. From the Barrel ya Nikka, tamu kama ilivyo, haimo katika kundi hilo, na kampuni yenyewe inakiri. Ukitaka wiski ya moshi iliyo ya Kijapani kweli, beba chupa iliyoandikwa Yoichi, uifunge vizuri ndani ya sweta.