Pikipiki Kuukuu: Hati na Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Nyuma ya nyumba nyingi katika kaunti kuna pikipiki kuukuu iliyofunikwa turubali. Pengine ilikuwa ya baba aliyestaafu, au ilinunuliwa kwa bei ya chini na kijana anayetaka kuifufua na kuibadilisha ipendeze. Kazi hiyo ni nzuri: inafundisha ufundi na inaokoa pesa. Hata hivyo, wengi huianzia mwisho. Hununua rangi, kiti kipya na taa za kumetameta kabla ya kujua kama pikipiki ni halali au kama breki zinashika. Kosa hilo hupoteza pesa, na wakati mwingine hupoteza maisha ya dereva, abiria au mtembea kwa miguu.

Somo hili lina hatua nne, na mpangilio wake haupaswi kugeuzwa: hati, breki, injini, kisha urembo. Mfano unaotumika ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970. Injini yake ya 124 cc iliundwa kustahimili matumizi magumu, na muundo wake umeigwa na viwanda vingi vya Uchina. Ndiyo sababu vipuri vingi vinavyoingia katika injini hiyo bado hupatikana kwenye maduka yanayouzia wahudumu wa bodaboda.

Hatua ya 1: Hati

Kabla ya spana kuguswa, nambari iliyopigwa kwenye shingo ya fremu na ile iliyo kwenye injini zilinganishwe na logbuku. Nambari iliyokwanguliwa kwa msasa au kupigwa upya ni dalili ya pikipiki ya wizi. Hapo kazi isimame na kituo cha polisi kiarifiwe. Mnunuzi anaweza pia kulipia ukaguzi wa rekodi za umiliki kupitia huduma za mtandaoni za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA).

Umiliki uhamishwe kabla ya pesa za ukarabati kutumika. Ikiwa mwenye pikipiki alifariki, familia hupitia utaratibu wa mirathi kwanza. Maafikiano ya mdomo tu hayamfanyi mtu kuwa mmiliki.

Hatua ya 2: Breki na magurudumu

Pikipiki isiyowaka haimdhuru mtu barabarani. Inayowaka bila kusimama huua.

CG125 nyingi za zamani zina breki za dramu mbele na nyuma. Gurudumu hufunguliwa, viatu vya breki vikaangaliwa unene wake, na kebo ikakaguliwa uzi kwa uzi. Kebo iliyoanza kufumuka haifungwi kwa waya, hubadilishwa. Vumbi lililo ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa sababu viatu vya zamani huenda vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Tairi lenye meno marefu linaweza kuwa limezeeka. Ubavuni mwake mara nyingi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3212 ni wiki ya 32 ya mwaka 2012. Tairi lililopasuka nyufa ubavuni halifai, hata kama lilikaa chini ya turubali muda wote. Spoki zilizolegea zikazwe, na beringi za magurudumu na za shingo zikaguliwe kama zina mchezo.

Hatua ya 3: Tangi na injini

Petroli iliyokaa miaka huacha utando unaoziba kabureta. Tangi hutolewa na kumwagwa yote kwenye chombo chenye kifuniko. Kutu nyepesi huondolewa kwa kujaza siki kwa siku moja, kusuuza kwa maji yenye magadi, kukausha vizuri na kupaka oili ndani mara moja ili kutu isirudi. Tangi linalovuja lisichomelewe nyumbani. Mvuke uliobaki katika tangi tupu unaweza kulipuka kwa cheche moja.

Injini iliyolala muda mrefu isipigwe kiki ghafla. Plagi hufunguliwa, oili kidogo ikatiwa katika silinda na kuachwa usiku kucha, kisha kiki ikasukumwa polepole kwa mkono. Oili ya zamani imwagwe, chujio la wavu lioshwe, na oili mpya itiwe kwa kipimo cha kijiti chake. Mwanya wa plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7, na wa vali ni 0.08 injini ikiwa baridi. Jeti za kabureta zisafishwe kwa hewa, si kwa waya unaoweza kupanua tundu.

Injini ikiwashwa, iwe nje. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua mtu ndani ya chumba kilichofungwa.

Hatua ya 4: Urembo

Sasa ndio wakati wa rangi, kiti, usukani na taa. Mabadiliko ya rangi au injini yaarifiwe NTSA ili logbuku ilingane na pikipiki yenyewe. Fremu isikatwe wala kurefushwa, kwani kiungo kilichochomelewa vibaya huweza kuachana pikipiki ikiwa na mzigo. Taa za mbele, za nyuma na za kuonyesha upande wa kukata kona zibaki. Kiti kirefu hakibadilishi sheria: abiria ni mmoja tu, na yeye pamoja na dereva huvaa helmeti na jaketi la kung'aa.

Ekzosi lisitobolewe ili lingurume. Nguvu inayodhaniwa kuongezeka mara nyingi ni kelele tu, na udhibiti wa kelele ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti.

Karakana na majirani

Karakana ya nyumbani iwe mbali na jiko, na ndoo ya mchanga ikae karibu. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala shimoni, kwa sababu hufika visimani na mitoni. Iwekwe kwenye mtungi na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu. Anayeanza kutengeneza pikipiki za wengine kwa malipo aulizie leseni ya biashara katika ofisi ya kaunti iliyo karibu, na anayetaka kuukuza ufundi huo aulizie masomo katika vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti.

Kabla ya kuingia barabarani, pikipiki ijaribiwe uwanjani kwa mwendo mdogo: ishike breki zote mbili, isiyumbe, na taa zote ziwake. Bima ya kulinda watu wengine iwe imelipwa. Iliyopita majaribio hayo iko tayari kwa safari, hata kama rangi yake bado ni ya zamani. Iliyoshindwa irudi karakanani, hata ikiwa inameremeta.