Macho Yaliyotokeza: Ulizaliwa Nayo au Yametoka Baadaye?

Tafuta picha yako ya miaka mitano au kumi iliyopita. Ya kitambulisho inafaa zaidi, maana hapo unatazama mbele, hujacheka, na hakuna kivuli usoni. Ishike kando ya kioo ujilinganishe. Kama macho ni yaleyale, na mama au shangazi yako anayo ya namna hiyo, basi hilo ni umbo la uso wako. Lakini kama kwenye picha macho yametulia na kwenye kioo yanasukumwa nje, usilale nalo. Daktari wa macho naye huanza na swali hilo la lini, na wengi huomba picha ya zamani.

Mtaani macho haya yana majina. Anayeyapenda huyaita macho ya gololi. Anayetaka kuumiza husema "macho kodo", na mtoto wa darasa la tatu anayeitwa hivyo kila siku huishia kuinamisha kichwa anapozungumza na watu. Mzazi akijua sababu, atajua pia la kumwambia mwanawe.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Limekaa katika tundu la mfupa lenye ujazo wa kama mililita 30 tu, na humo linabanana na misuli inayoligeuza, mafuta, mishipa ya damu na neva ya kuonea. Tundu likiwa na kina kifupi, jicho la kawaida kabisa litachungulia nje. Mfupa wa shavu ukiwa umerudi nyuma, kope ya chini hukosa pa kuegemea, huteremka, na weupe hujitokeza chini ya duara la rangi. Hapo jicho halijasogea, ila linaonekana kubwa. Tena wapo wasioona mbali kwa kiwango kikubwa. Jicho lao ni refu kuliko la wengine, na likifika milimita 26 au zaidi huonekana limetokeza ingawa tundu halina kasoro. Umbo la mifupa hurithiwa, na uoni huo hafifu nao mara nyingi hufuata ukoo.

Kipimo kipo. Daktari huegemeza kifaa kiitwacho Hertel kwenye kingo za nje za mifupa ya macho, akasoma milimita ambazo jicho limetangulia mbele ya mfupa. Hapa pana jambo ninalotaka kila msomaji alishike. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vinahesabu kwamba ukomo wa kawaida ni kama milimita 21 au 22. Kwa watu wenye asili ya Afrika, matundu ya macho kwa kawaida hayana kina kirefu kama ya Wazungu, na jicho zima lisilo na ugonjwa laweza kufika 23 au 24. Mtu wa Mwanza au Kisumu akijipima kwa hesabu ya Wazungu anaweza kujiona mgonjwa bure. Kinachobeba uzito zaidi ni tofauti kati ya jicho na jicho: ikizidi milimita 2, hata kama namba zote mbili ni ndogo, lazima itafutwe sababu.

Sababu inayoongoza kwa macho ya mtu mzima kutoka nje iko shingoni. Mwaka 1835 Robert Graves, daktari wa Dublin, alieleza wagonjwa waliokuwa na tezi ya shingo iliyovimba na moyo unaokwenda mbio. Miaka mitano baadaye Carl von Basedow wa Merseburg, Ujerumani, akaunganisha mambo matatu: tezi, moyo na macho yaliyotoka. Leo tunajua kwamba kinga ya mwili hukosea njia, ikaichochea tezi itoe homoni kupita kiasi, na uchochezi huohuo ukavimbisha misuli na mafuta nyuma ya jicho. Tundu la mfupa halitanuki, kwa hiyo jicho husukumwa mbele. Mgonjwa hukonda ilhali anakula, mikono hutetemeka, husikia joto wenzake wakijifunika, na macho humkereketa kama yameingiwa mchanga. Kope ya juu hujivuta, weupe ukaonekana juu ya duara la rangi, na uso ukawa kama wa mtu aliyeshtuka. Wanawake hupata ugonjwa huu zaidi kuliko wanaume. Wengi huzunguka na dawa za presha, wengine wakaenda kwa waganga, kabla ya mtu kufikiria kupima damu kuangalia homoni za tezi.

Ugonjwa huu, uitwao Graves, si ile goita ya kukosa madini joto. Chumvi yenye madini joto ni kinga nzuri kwa jamii, lakini haitibu Graves, na anayejinunulia dawa za madini joto kwa kudhani anajitibu anaweza kuichochea tezi zaidi. Sigara ni mbaya kuliko hilo. Anayevuta hupata madhara ya macho kwa urahisi na kwa ukali zaidi, na matibabu humsaidia kidogo. Katika ugonjwa huu hakuna kitu kilicho mikononi mwa mgonjwa mwenyewe kama kuacha sigara.

Kwanza tezi hutulizwa, mara nyingi kwa vidonge vya carbimazole. Ukipendekezewa tiba ya madini joto yenye mionzi, mkumbushe daktari kwamba macho yako yameguswa, kwa sababu tiba hiyo inaweza kuyazidisha. Macho yenyewe yakiwa na dalili nyepesi hutunzwa kwa machozi ya bandia. Uvimbe ukiwa mkali, hutolewa steroidi kwa njia ya mshipa, kila wiki kwa wiki kama 12. Marekani iliidhinisha dawa ya teprotumumab Januari 2020, na macho hurudi nyuma kweli, ila bei yake iko mbali na mifuko ya wengi wetu. Uchochezi wenyewe hutulia baada ya miezi kadhaa hadi miaka kama 2, na kwa kawaida upasuaji wa kurudisha jicho nyuma husubiri hapo. Hausubiri rangi zikianza kufifia, nyekundu ikaonekana imechujuka, au jicho likishindwa kufumba. Hapo neva au kioo cha jicho kiko hatarini, na hospitali ni leo.

Jicho moja likitoka peke yake huwa na orodha nyingine: uvimbe, damu iliyovuja baada ya kuumia, usaha kutoka kwenye nafasi za hewa ndani ya mifupa kando ya pua. Homa, maumivu na kope iliyovimba kwa pamoja havingoji asubuhi.

Na mtoto haambiwi "atakua yataisha". Mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu, watu wakaiita jicho la paka, inaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayotibika vizuri ikikamatwa mapema. Jicho likishatoka nje, mara nyingi tumechelewa. Taya au tundu la jicho linalovimba ndani ya siku chache laweza kuwa limfoma aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Mulago, Kampala. Hukua kwa kasi, lakini dawa za saratani huiyeyusha kwa kasi pia. Mtoto mchanga mwenye macho makubwa mazuri yanayotiririka machozi na kukimbia mwanga anaweza kuwa na presha ya macho ya kuzaliwa nayo. Uzuri huo usikupumbaze.

Sasa turudi kwa aliyezaliwa nayo. Tatizo lake la kila siku ni ukavu, kwa kuwa jicho lililotokeza hupata upepo na vumbi zaidi. Mwombe mwenzio akutazame ukiwa usingizini. Kama kope hazikutani, tumia mafuta ya macho ya usiku na usielekeze feni usoni. Miwani ya kutoona mbali hulifanya jicho lionekane dogo, ile ya kutoona karibu hulikuza. Fremu pana yenye ukingo mnene husaidia. Hakuna zoezi, jani wala tone linalorudisha jicho ndani. Matone ya deksamethasoni yanayouzwa duka la dawa bila cheti, yakitumiwa kwa muda mrefu, huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Maziwa ya mama na maji ya majani huingiza vijidudu. Wanja wa manga nao, baadhi yake una madini ya risasi.

Upasuaji upo. Daktari hupunguza mfupa au mafuta ya tundu ili jicho likae nyuma kwa milimita chache. Ulianza kama msaada kwa wenye Graves, na katika nchi kadhaa sasa hufanyiwa pia waliozaliwa na macho hayo. Hatari zake ni kuona vitu viwiliviwili, ganzi shavuni na, mara chache, kupoteza uoni. Kwa wengi, kuinua kope ya chini au kujaza shavu kunatosha, na jicho halisogezwi. Ila jeli za kujaza uso zinazochomwa saluni ni jambo la kuogopa, kwa sababu zikiingia kwenye mshipa wa damu unaokwenda jichoni, upofu huja ndani ya dakika.

Anza na idara ya macho ya hospitali kubwa iliyo karibu, kama Muhimbili, KCMC Moshi au Kenyatta. Uliza: damu yangu imepimwa tezi? Macho yangu ni milimita ngapi, na yanatofautiana kwa kiasi gani? Umewafanyia wangapi upasuaji huu, na wangapi kati yao waliishia kuona viwiliviwili? Anayekutajia bei kabla ya kukujibu hayo, usimpe macho yako.