Unene wa Mama na Hatari ya Kuvuja Damu

Mke akinenepa baada ya arusi, majirani humsifu mume: "Kweli anamtunza!" Lakini unene uliopita kiasi huweza kumletea mama mashaka siku ya kujifungua. Jambo hili linawahusu mume na mke pamoja.

Unene uliozidi ni upi? Chukua kilo za mama kabla hajashika mimba, ugawe kwa urefu wake kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo. Ukipata 30 au zaidi, unene umezidi. Mama wa mita 1.60 hufikia hapo akiwa na kilo 77.

Kwa nini damu huvuja? Kondo la nyuma likishatoka, tumbo la uzazi hujikaza na kubana mishipa iliyobaki wazi. Lisipojikaza, damu humwagika. Mama mnene huelekea zaidi kupata mtoto mkubwa, uchungu wa muda mrefu au kupasuliwa, na mambo hayo huongeza hatari. Akipoteza lita moja, hali ni mbaya sana.

Mfanye nini?

1. Kabla ya mimba, punguzeni wote wawili sukari, soda na mafuta, tena mtembee kwa miguu. Mume asimwachie mke sukuma wiki huku yeye akila chipsi mjini.

2. Mimba ikiingia, mama asijinyime chakula ili akonde. Aanze kliniki mapema, apimwe damu, presha na sukari, na ameze vidonge vya kuongeza damu.

3. Ajifungulie hospitali inayoweza kupasua na kuongeza damu. Wekeni nauli kando, na mwulize ndugu walio tayari kutoa damu.

Hata mama mwembamba huweza kuvuja damu, asibaki nyumbani. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa mfuko wenye alama na matibabu yote yakatolewa mara moja, hatari ya kuvuja damu kupita kiasi ilipungua kwa asilimia 60.

Nawe mume, usimdhihaki mkeo. Mama anayechekwa huogopa mizani, akaikimbia kliniki.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:

– Je, tunakula nini kila siku, na nani huamua?

– Uchungu ukianza usiku, tutafikaje hospitali?