Vifaa vya Kuvulia Samaki kwa Chombo Kidogo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila likizo inapokaribia, wenzangu wa bara huniuliza bwenini habari za kuvua samaki baharini. Baadhi yao wamealikwa na rafiki zao wa pwani waende wakakae nao kwa wiki moja au mbili, na swali lao la kwanza ni lile lile: "Ninunue mshipi gani?" Kwa kuwa nimejibu swali hili mara nyingi, tena kwa haraka haraka wakati kengele ya prepu inagongwa, nimeona heri nilijibu vizuri mara moja katika gazeti letu.

Sisemi juu ya wavuvi wenyewe, ambao bahari ndiyo shamba lao. Hao hawana haja ya kufundishwa na mvulana wa shule. Nasema juu yetu sisi tunaovua kwa kujifurahisha na kupata kitoweo cha jioni, tukiwa watu wawili au watatu ndani ya ngalawa au kidau, karibu na mwamba.

Wahenga walisema, "Chombo hakiendi ila kwa nyenzo." Maneno hayo ni kweli, lakini watu wengi hudhani kuwa nyenzo bora ni ile iliyo kubwa, nene na ya bei ghali. Sivyo. Jambo moja ninalotaka msomaji alishike ni hili: katika vifaa vya chombo kidogo, siku nguvu zikizidi, kitu kimoja lazima kikatike kwanza. Mvuvi mwenye akili hukichagua kitu hicho akiwa bado nchi kavu. Asiyekichagua, bahari humchagulia.

1. Majira na Maji

Kabla ya vifaa, yafaa kujua majira. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi hivi, na kusi huvuma tangu Mei mpaka Septemba. Kusi ndiyo yenye nguvu zaidi na bahari yake ni chafu. Kati ya pepo hizo huja maleleji, wakati ambao upepo hugeuka-geuka na bahari aghalabu hutulia. Anayejifunza na aende wakati wa maleleji, au asubuhi mapema wakati wa kaskazi.

Kisha autazame mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvu, na kwetu Tanga maji ya bamvu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Maji mengi hivyo yakipita katika mlango wa mwamba hukimbia kama mto, na mshipi haushuki wima bali huchukuliwa mbali. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, nayo hutembea polepole. Kwa mwanafunzi, maji mafu ni bora, maana chubwi ndogo yatosha na mkono huhisi samaki anapoonja chambo.

2. Mshipi

Siku hizi karibu mishipi yote ni ya nailoni, kitu kilichotengenezwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1935. Nailoni ina sifa njema mbili: haionekani sana ndani ya maji, nayo hunyumbuka kidogo samaki anapovuta ghafula. Ina kasoro pia. Jua huidhoofisha, mwamba huikwaruza, na kila fundo huipunguzia nguvu. Kwa hiyo usiuache mshipi juani bila sababu. Kabla ya kuutumia, upitishe kati ya vidole viwili. Ukihisi mkwaruzo, kata kipande hicho ukitupe, lakini usikitupe baharini. Na kabla ya kukaza fundo, lilowanishe kwa mate, kwa sababu fundo kavu likikazwa hupata joto, na joto huiharibu nailoni.

Unene wa mshipi hupimwa kwa milimita. Mshipi wa milimita 0.50 huhimili uzito wa kilo 14 hivi. Mtu aweza kudhani kuwa ule wa milimita 1.00 huhimili mara mbili ya hapo, lakini katika hesabu tumejifunza kuwa kipenyo cha duara kikiongezeka mara mbili, eneo lake huongezeka mara nne. Ndiyo sababu mshipi wa milimita 1.00 hukaribia kilo 50. Kumbe tofauti ambayo jicho halioni dukani ni kubwa sana mkononi.

Kwa changu, tasi na samaki wengine wa mwambani, milimita 0.40 au 0.50 zatosha. Kwa kolekole na chewa wa kadiri, chukua 0.60 au 0.70. Zaidi ya hapo, kwa anayevua kwa mkono mtupu ndani ya ngalawa, ni hatari.

Huenda mtu akasema, "Mbona wageni wanaokwenda kuvua Shimoni na Watamu hupata nduaro na jodari wakubwa kwa mshipi mwembamba?" Jibu ni kwamba wao hutumia ufito na gurudumu la kukunjia mshipi. Ufito hupinda, na gurudumu lina breki. Breki hiyo hukazwa kiasi cha robo au theluthi ya nguvu za mshipi, hivyo samaki akivuta sana, gurudumu humwachia mshipi kabla haujakatika. Mvuvi wa mkono hana breki ila vidole vyake, na vidole havina budi kujua kuachia.

3. Ndoana na Chambo

Namba za ndoana huwachanganya wengi. Ndoana ndogo huhesabiwa kinyume: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya namba 1 huja zile zenye alama ya sifuri, 1/0, 2/0 na kuendelea, nazo huzidi kukua. Kwa samaki wa mwambani, namba 6 mpaka 1 zafaa. Kwa kolekole, 2/0 au 4/0.

Kuna ndoana ya kawaida na kuna ile ya mviringo, ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea ndani. Mimi napenda hii ya mviringo. Aghalabu humshika samaki pembeni mwa mdomo wala haishuki tumboni, hivyo samaki mdogo aweza kurudishwa akiwa mzima. Lakini usiikutue kwa nguvu samaki anapoonja. Acha ajigeuze, nayo itajishika yenyewe.

Chambo kilicho bora ni kile kinachopatikana pale pale: ngisi, kamba, au kipande cha kibua. Nguru ana meno makali, kwa hiyo mbele ya ndoana yake tia waya mfupi. Samaki wengine hawahitaji waya, na wakiuona huenda wakasita.

Wageni wa bahari wajihadhari na samaki wawili. Tasi ana miiba yenye sumu. Akikuchoma, tia mkono katika maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, na maumivu yatapungua. Bunju, yule ajivimbishaye kama mpira, sumu yake yaweza kuua. Asiliwe kabisa.

4. Chubwi na Nanga

Hapa kanuni yangu yaonekana wazi. Chubwi ndiyo hukwama mwambani mara nyingi kuliko ndoana. Mtu akiifunga kwa mshipi ule ule mkubwa, ikikwama hupoteza chubwi, ndoana na pengine samaki. Basi ifunge kwa kipande cha uzi mwembamba kuliko mshipi wako. Ikikwama, uzi huo hukatika, nawe utapoteza risasi tu.

Nanga nayo ni vivyo hivyo. Nanga ya makucha manne hushika vizuri, lakini hung'ang'ania mwamba. Wavuvi wa kwetu hufunga kamba kwenye kitako cha nanga, kule kwenye makucha, kisha huileta kamba hiyo juu na kuifunga penye kichwa cha nanga kwa uzi dhaifu. Siku za kawaida nanga huvutwa kwa kichwa na hushika. Ikikwama, kamba huvutwa kwa nguvu, uzi dhaifu hukatika, na nanga hutoka kinyumenyume. Tena, itupe nanga penye mchanga kando ya mwamba, si juu ya matumbawe, maana matumbawe huvunjika kwa dakika moja na huchukua miaka kukua. Urefu wa kamba uwe angalau mara tatu ya kina cha maji, na siku zote ifungwe omo. Chombo kidogo kilichotiwa nanga tezi hupokea mawimbi kwa nyuma, na chaweza kujaa maji na kuzama.

5. Yaliyonipata Mwenyewe

Mambo haya sikuyajua kwa kusoma. Mwezi wa Desemba 2023, nilipokuwa na miaka kumi na mitano, niliuza nazi nikapata fedha kidogo, nikanunua mshipi wa milimita 1.20. Huo huhimili karibu kilo 70. Niliona fahari kubwa. Nikampelekea mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, autazame. Aliuvuta-vuta akasema, "Mwanangu, mshipi huu utamshinda samaki. Je, wewe utaushinda mshipi?" Sikumwelewa, na sikumwuliza maana ya maneno yake.

Asubuhi iliyofuata nilitoka na ngalawa yake pamoja na mdogo wangu wa miaka kumi na mmoja. Tulitia nanga ukingoni mwa mwamba. Kwa kuogopa kuupoteza mshipi wangu mpya, niliufunga mwisho wake kwenye mti wa pembeni unaoshika tengo la ngalawa. Nikamwachia mdogo wangu aushike, mimi nikawa natengeneza chambo. Mshipi uliobaki ulikuwa umelala ovyo miguuni petu.

Samaki aliyekuja hatukumwona hata kidogo. Mshipi ulianza kukimbia, na mdogo wangu, badala ya kuuachia, aliuzungusha mkononi ili aushike vizuri, kama mtoto yeyote angefanya. Ulipokwisha ukakaza pale nilipoufunga. Tengo likazama, ngalawa ikalala upande, maji yakaingia. Mtu mzima akisimama juu ya tengo la ngalawa ndogo, chombo hulala. Na mvuto ule ulikuwa kama mtu mzima na zaidi. Mshipi haukukatika, kwa sababu nilinunua usiokatika. Nanga nayo haikung'oka. Kilichokuwa dhaifu kuliko vyote katika chombo kile kilikuwa mkono wa mdogo wangu.

Nilikitafuta kisu. Kilikuwa chini ya kapu, na kapu lilikuwa ndani ya maji. Sijui nilichukua muda gani kukipata. Nilipoukata mshipi, ngalawa iliinuka mara moja kama kwamba hapakuwa na kitu, na mdogo wangu alikuwa ameshika mkono wake kifuani bila kulia. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimekatwa penye kiungo cha juu. Katika kituo cha afya walikisafisha na kukishona, lakini kipande kile hakikurudi.

Mjomba hakunigombeza, jambo ambalo lilinitia uchungu kuliko kugombezwa. Aliuchukua mshipi uliobaki akaufunga kati ya minazi miwili nyuma ya nyumba yetu, akamwambia mama aanikie nguo. Mpaka leo mama huanika nguo juu yake, wala haujakatika. Mdogo wangu sasa anaandika kwa kushika kalamu kati ya kidole cha kati na cha pete, na hati yake ni nzuri kuliko yangu.

6. Vitu vya Kurudia

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hesabu kwanza vitu vya kukurudisha nyumbani, kisha uhesabu vya kuvulia. Vitu hivyo ni hivi:

(a) Kisu kikali, ndani ya ala iliyofungwa mahali ambapo kila aliyemo chomboni aweza kukifikia bila kutafuta.
(b) Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, nalo livaliwe. Lisifanywe mto wa kukalia.
(c) Kopo la kufulia maji, lililofungwa kwa uzi lisielee likaenda zake.
(d) Kasia moja zaidi ya yale mnayotumia, na maji ya kunywa.
(e) Mtu wa pwani aliyeambiwa mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Na wakati wa kuvua, mshipi usizungushwe kamwe mkononi wala kufungwa chomboni. Ulale juu ya vidole ili uweze kuachiwa. Uliobaki ukunjwe kwenye kibao chake, usitapakae miguuni.

Sasa naweza kulijibu swali la bwenini. Nunua mshipi ambao mikono yako miwili, ukiwa umevaa glavu nchi kavu, yaweza kuukata kwa kuuvuta kwa nguvu zako zote. Ukishindwa kuukata, mrudishie mwenye duka. Samaki atakayeukata mshipi huo na aende zake salama, nawe urudi salama, na siku nyingine huenda mkakutana tena.