Motokaa ya Umeme Ikipata Joto: Mambo ya Kutazama

Ndugu mkulima, ikiwa wewe au chama chenu cha ushirika mna motokaa ya umeme ya kupelekea mazao Mombasa, au mnakusudia kununua, somo la mwezi huu ni lenu. Watu wengi hudhani kwamba motokaa isiyotumia petroli haina haja ya rejeta. Sivyo. Umeme mwingi upitapo katika mashine huleta joto, na joto lisipoondolewa huharibu vyombo vya bei kubwa. Lori la dizeli likichemka hutoa mvuke, na dereva hujua. Motokaa ya umeme huweza kupata joto kimya kimya. Basi yafaa kuzijua dalili zake mapema.

VYOMBO VINAVYOPOZWA

Vyombo vikubwa ni viwili. Cha kwanza ni mota pamoja na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota. Cha pili ni betri kubwa iliyo chini ya sakafu.

Mota na inveta za motokaa nyingi hupozwa kwa maji yenye dawa, ambayo mafundi huyaita kulanti. Pampu ndogo huyasukuma yapite penye joto, kisha yaende kwenye rejeta, ambako upepo na feni huyapoza. Ni kama pampu ya kumwagilia shamba: hewa ikiingia katika mpira, pampu huzunguka bure.

Betri hazipozwi zote kwa namna moja. Motokaa ya Nissan Leaf ilianza kuuzwa mwaka 2010, na katika vizazi vyake viwili vya kwanza betri haina kulanti. Hutegemea hewa tu. Betri yake ikipata joto, hakuna cha kujaza. Iegeshe kivulini, uiache ipumzike, na uichaji jioni. Motokaa nyingine nyingi hupoza betri kwa kulanti, zikisaidiwa na mashine ya hewa baridi. Kwa hiyo soma kwanza kitabu cha motokaa yako ujue ni ya namna gani.

DALILI NA MAANA YAKE

Motokaa ikipungua nguvu, au taa yenye picha ya kobe ikiwaka, usikate shauri upesi. Tazama kwanza kama betri ina umeme wa kutosha, maana umeme ukikaribia kwisha dalili huwa ni hizo hizo. Ikiwa umeme upo, fikiri ni wapi joto lilipoanza.

Tuseme umetoka Shimba Hills na machungwa ya kuuza Marikiti. Katika foleni ya feri ya Likoni, na katika njia nyembamba za Mji wa Kale, hakuna upepo wa kupita kwenye rejeta. Kazi yote ni ya feni. Ikiwa hapo hewa baridi ya ndani inageuka vuguvugu, kisha inapoa tena ukishika njia kuu, shuku feni au fyuzi yake.

Ikiwa joto huja tu unaporudi na magunia ya mbolea ukipanda mlima kuelekea Kwale, tazama kama rejeta imezibwa na vumbi na majani, au kama kulanti imepungua. Na ikiwa joto huja popote, hata kwa mwendo mfupi, shuku pampu, au hewa iliyonaswa katika mipira. Dalili hizi hukuonyesha pa kuanzia. Hukumu ya mwisho ni ya fundi mwenye mashine ya kupimia.

KAZI YAKO WEWE

1. Zima motokaa, usiiache kwenye chaji, ungoje ipoe kabisa. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Usitie mkono penye feni, kwani huweza kuanza yenyewe.

2. Tazama chupa ya kulanti. Kimo chake kiwe kati ya alama ya chini na ya juu.

3. Kagua mipira, viungo vyake na ardhi chini ya motokaa. Hewa ya bahari ina chumvi, nayo hula vyuma. Doa lililokauka kwenye kiungo huonyesha mahali panapovuja.

4. Safisha rejeta kwa brashi laini na maji yasiyo na nguvu nyingi. Maji ya kasi hupinda mapezi yake.

5. Ongeza kulanti ile tu iliyotajwa kitabuni. Usitie maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwa cha Mombasa vina maji ya chumvi, na chumvi hulisha kutu na kupitisha umeme.

Zaidi ya yote, kumbuka kwamba kujaza si kutengeneza. Kulanti ikipungua tena na huoni mahali inapovuja, acha kuendesha na kuchaji, umwite fundi. Huenda inavuja ndani ya betri, na hilo laweza kuleta moto. Ukiona moshi au kusikia harufu kali, toeni watu wote, mkae mbali, na mwite zimamoto.

Nyaya za rangi ya machungwa zina umeme wa kuua. Usiziguse wala kuzifungua. Kuzibadilisha, kubadili pampu na kutoa hewa katika mipira ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Kulanti nayo ni sumu. Usiimwage mferejini, wala usiiache mahali ambapo watoto au mbuzi wataifikia.

Miezi ya Februari na Machi joto la mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33. Ukaguzi wa dakika kumi kabla ya miezi hiyo ni nafuu kuliko machungwa yaliyoozea njiani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini taa ya kobe haitoshi kuonyesha kwamba motokaa ina joto?
2. Joto likija katika foleni tu, utatazama nini kwanza?
3. Kwa nini maji ya kisima hayafai?
4. Kulanti ikipungua mara ya pili, utafanya nini?