KARATASI YA DAMU INASEMA «AS»: MAANA YAKE KWAKO NA KWA BIBI YAKO



Mara hii ukurasa wetu hauzungumzi juu ya kofia wala viatu vya kazi. Unazungumza juu ya herufi mbili ambazo wengine wenu mmezikuta kwenye karatasi ya laboratwari: AS. Mmoja alipimwa kabla ya ndoa, mwingine alipotaka kumpa mgonjwa damu, mwingine kwa sababu mtoto wa ndugu yake anaugua. Mtu anapewa karatasi mkononi, anarudi nyumbani Katogota au Luvungi bila maelezo, na hapo ndipo taabu inaanza.

Kwanza ujue hili: AS si ugonjwa. Kila mtu amepokea mbegu mbili za kutengeneza wekundu wa damu, moja kwa baba yake na moja kwa mama yake. Mbegu nzima inaitwa A, ile yenye kasoro inaitwa S. Mwenye AA hana S kabisa. Mwenye SS ndiye mgonjwa: chembe zake nyekundu zinajipinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo na kufa upesi. Mtoto huyo analia mifupa, vidole vinavimba, macho yanakuwa manjano, damu inapungua. Wewe mwenye AS unayo A moja, nayo inatosha kukufanyia kazi. Hutakuwa SS kesho wala ukizeeka.

Utauliza, kwa nini S ni nyingi kwetu? Sababu ni malaria. Mwaka 1954 muganga Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi wake Kenya na Uganda, alionyesha kwamba mtoto wa AS hauawi na malaria kwa urahisi kama mwenzake wa AA. Basi mahali penye mbu wengi, mbegu S ilibaki na kuenea. Kwa jirani zetu wa Uganda walipima watoto wachanga wa nchi nzima, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kama 13 wenye AS katika kila 100. Sisi wa bonde la Ruzizi, tunaolala karibu na mashamba ya mpunga, tusishangae kuiona. Lakini AS si chandarua! Malaria inaweza kukupata, na mtoto wa SS inamwua upesi sana.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo wengi wanapotea. Chukua maharagi mekundu mawili na meupe mawili. Bwana ashike moja jekundu na moja jeupe, bibi vilevile. Kila mmoja afumbe macho na kutoa moja. Meupe mawili ni mtoto AA, meupe na jekundu ni AS, mekundu mawili ni SS. Rudisheni maharagi mkononi, mtoe tena. Kwa kila mimba bahati ya SS ni moja katika nne, na ya AS ni mbili katika nne. Sikilizeni vizuri neno «kila mimba». Si kusema kwamba wa kwanza akiwa SS, watatu wanaofuata watakuwa salama. Maharagi hayakumbuki yaliyotoka jana. Nimeona nyumba yenye watoto watano bila SS hata mmoja, na nyingine yenye wawili waliofuatana.

Lakini ikiwa wewe ni AS na mwenzako ni AA, hamwezi kuzaa SS. Ndiyo maana karatasi ya mtu mmoja haimalizi shauri. Lazima na mwenzako apimwe.

Mfanyakazi mmoja, jina lake nitaliacha, alimrudisha bibi yake kwa wazazi baada ya mtoto wao kuonekana SS. Ukoo wake ulisema damu mbaya ilitoka kwa watu wa bibi, na wengine walitaja uchawi. Tulituma damu yao wote wawili. Bwana AS, bibi AS. Aliitazama karatasi yake muda mrefu bila kusema. Kisha alikwenda mwenyewe kumchukua bibi yake, bila kungoja baraza la wazee. Mtoto hawezi kuwa SS kwa upande mmoja tu: kila mzazi ametoa moja, wala hakuna aliyechagua.

Tahadhari juu ya vipimo. Katika dispansere nyingi wanatumia kipimo cha Emmel, cha tangu mwaka 1917. Kinaonyesha kwamba S iko, lakini hakiwezi kutenga AS na SS. Omba elektroforezi, hata kama damu itapelekwa mbali. Na kama uliongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita, sema, maana watapima damu ya mtu mwingine! Karatasi za nyumba moja zikipingana, rudieni kipimo kabla ya kutamka neno baya.

Kama ninyi wawili ni AS, sitawaambia muachane wala muoane. Kazi yangu ni kuwaeleza, na shauri ni lenu. Wachumba wengine wanaacha, wengine wanaoana na kuzaa wachache. Mkizaa, kila mtoto apimwe mapema, msingoje maumivu. Mtoto wa SS anahitaji penisilini tangu miezi ya kwanza mpaka miaka mitano, chanjo zote, chandarua, maji mengi, na kukimbizwa hospitali kila akipata homa. Tena kuna dawa ya hidroksiurea. Ilijaribiwa kwa watoto wapatao 600 wa Angola, Kongo yetu, Kenya na Uganda, na mwaka 2019 walitangaza kwamba maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Inatolewa na muganga anayefuata damu ya mtoto, hainunuliwi sokoni.

Na kazi ya shimo? Mwenye AS anafanya kazi kama wengine. Uchunguzi wa mwaka 2016 juu ya askari weusi wa Marekani ulionyesha kwamba wenye AS hawakufa kupita wenzao, ila misuli yao iliumia zaidi kidogo katika kazi kali. Kwa hiyo kunywa maji kabla ya kiu, pumzika joto likizidi, na ukiona damu katika mkojo njoo siku ileile.

Njoo na bibi yako au mchumba wako, na karatasi zote mlizo nazo. Kapita hataambiwa kitu, wala mama mkwe. Ukiwa na ndugu wa tumbo moja, waambie nao wapimwe, hasa wale ambao hawajaoa au kuolewa.