Yai Linavyogeuka Kuwa Mnyama: Somo Kutoka Baharini



Mkulima aliyepanda mahindi hafukui shimo kila asubuhi ili atazame kama mbegu imeota. Anajua kwamba chini ya udongo kazi inaendelea. Lakini ng'ombe wake akipandishwa leo, mkulima huyo huyo husema kesho, "Bado hamna kitu tumboni." Basi humswaga mwendo mrefu juani, au humpunguzia chakula kwa kuwa maziwa ni machache. Hapo ndipo hasara huanzia, kwa maana siku zile ambazo hatuoni kitu ndizo siku za kazi kubwa.

Watu waliijuaje kazi hiyo, ikiwa inafanyika gizani? Sehemu kubwa ya elimu hii ilitoka kwa mnyama mdogo wa baharini. Mwezi huu tujifunze habari zake.

MNYAMA MWENYEWE

Mnyama huyu ni wa mviringo kama chungwa, naye amejaa miiba mwili mzima. Kwa sababu hiyo tutamwita nungunungu wa baharini. Yuko katika bahari nyingi duniani, hata katika miamba ya pwani yetu ya Kenya, na wavuvi wanaijua sana miiba yake.

Nungunungu huyu habebi mimba. Jike humwaga mayai yake majini, na dume humwaga mbegu zake zilizo nyeupe kama maziwa. Yai moja ni dogo sana. Mayai kama 10 yakipangwa mstari hufikia urefu wa milimita moja tu. Tena mayai ya aina nyingi za nungunungu hawa huangaza. Mtaalamu akiyaweka katika gilasi yenye maji ya bahari, kisha akatazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo, huona kila jambo tangu mwanzo. Yai la ng'ombe, lililofichika ndani ya mwili, halimpi mtu nafasi hiyo.

MBEGU MOJA TU

Mwaka 1875 Mjerumani Oscar Hertwig aliyatazama mayai haya kando ya bahari ya Mediteranea. Aliona kiini cha mbegu ya dume kikikutana na kiini cha yai, na viwili vikawa kimoja. Hivyo ikajulikana kwamba mtoto hutokana na pande zote mbili, baba na mama.

Mbegu nyingi hulizunguka yai, lakini huingia moja. Mara ile moja inapoingia, yai hufunga mlango. Kabla dakika moja kwisha, au baada yake kidogo, ngozi nyembamba huinuka kulizunguka yai lote, na mbegu nyingine hubaki nje. Mjerumani mwingine, Theodor Boveri, alieleza mwaka 1902 yanayotokea mbegu mbili zikiingia pamoja: yai hugawanyika ovyo, na karibu kila mara kiumbe huharibika na kufa.

YAI LAGAWANYIKA

Sasa chukueni chungwa na kisu. Kateni chungwa toka juu hadi chini. Mna vipande 2. Kateni tena toka juu hadi chini, kwa kupitana na mkato wa kwanza. Mna vipande 4. Sasa kateni katikati kwa ubavu. Mna vipande 8. Hivyo ndivyo yai la nungunungu linavyogawanyika. Mkato wa kwanza huja baada ya saa moja au zaidi kidogo, kwa kadiri ya joto la maji.

Angalieni: chungwa halikuongezeka. Na yai pia haliongezeki; chembe zake, ambazo wataalamu huziita seli, zinazidi kwa hesabu huku zikipungua ukubwa.

Zikifika 16, chembe hazilingani tena. Upande wa juu kuna 8 za kadiri. Upande wa chini kuna 4 kubwa na 4 ndogo sana. Hizo ndogo zina kazi yake: uzao wake utaingia ndani na kujenga vijiti vya chokaa, ambavyo ndivyo mifupa ya mtoto.

Chembe zikiwa mamia, hujipanga kuwa mpira wenye uwazi ndani. Mpira huota vinyweleo, huvunja ile ngozi, na kuogelea. Kisha upande mmoja hubonyea kuelekea ndani, kama mpira wa kandanda ulioishiwa pumzi ukiubonyeza kwa kidole. Shimo hilo ndilo mwanzo wa utumbo. Ajabu yake ni kwamba tundu la kwanza huwa njia ya kutolea uchafu, na mdomo hufunguka baadaye upande wa pili. Katika maji ya vuguvugu, kwa siku moja au mbili yai limekwisha kuwa mtoto mwenye mikono ya kuogelea, anayeweza kula vijimea vya baharini.

NUSU ILIYOKUWA NZIMA

Wataalamu wa zamani waliuliza: je, katika zile chembe 2 za kwanza, moja ni ya upande wa kulia na moja ya kushoto? Mwaka 1888 Wilhelm Roux aliua moja kwa sindano ya moto katika yai la chura, na iliyobaki ikatoa nusu ya kiumbe. Watu wakadhani neno limekwisha.

Mwaka 1891, katika bandari ya Trieste, ambayo leo iko Italia, Hans Driesch alitikisa kwa nguvu mayai ya nungunungu yaliyogawanyika mara moja, hata chembe 2 zikaachana. Alitazamia kuona nusu-watoto. Lakini chembe zilizopona zilitoa watoto wazima, ila wadogo. Roux aliiacha chembe iliyokufa ikiwa imegandamana na nzima. Driesch alizitenga kabisa, na kila moja ikaanza upya.

Elimu hii ilifika mpaka kwa mifugo. Mwaka 1979 Steen Willadsen, huko Cambridge, Uingereza, alieleza jinsi alivyotenganisha chembe 2 za mimba changa ya kondoo na kupata pacha. Baadaye njia hiyo ilitumiwa kwa ng'ombe pia.

YATUHUSUJE SISI?

Yai la ng'ombe hufuata njia kama hiyo, ila polepole. Hugawanyika mara ya kwanza baada ya siku moja hivi, huingia katika tumbo la uzazi siku ya 4 au ya 5, na kufikia siku ya 7 au ya 8 ni mpira wenye uwazi ndani. Huanza kujishikiza kwa mama karibu wiki ya tatu. Mpaka hapo ni mgeni asiye na kiti, na mimba nyingi zinazopotea hupotea wakati huo. Ng'ombe aliyepoteza mimba mapema hurudi kutaka dume kwa siku zake za kawaida, nasi tunamlaumu mpandishaji bure.

Basi fanyeni hivi:

1. Yai la ng'ombe huishi saa chache tu. Ukimwona ng'ombe anataka dume asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe asubuhi ya pili yake.

2. Baada ya kupandishwa, mpe kivuli, maji na chakula kama kawaida. Joto kali na njaa huweza kuua mimba changa.

3. Andika tarehe. Mtazame sana tangu siku ya 18 hata ya 24. Akirudi zaidi ya mara mbili, mwite daktari wa mifugo kabla hujafikiri kumwuza.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kwa nini yai hufunga mlango baada ya mbegu ya kwanza? Roux na Driesch walitofautiana wapi katika kazi yao? Ng'ombe wako akipandishwa Jumatatu, kiumbe kitakuwa kimefikia wapi Jumatatu ijayo?